Mfuniko wa Kasuku

"Kabla chai hii haijapoa," Kifaru alitangaza, akiweka kikombe chake juu ya ukuta mfupi wa ua ili kila mwenye macho akione, "Kasuku atakuwa ananguruma. Tena namtengeneza kwa mkono mmoja. Huu mwingine rangi ya kucha haijakauka."

Chai ikapoa. Ikapashwa moto, ikapoa tena. Nzi akaja akaionja, akaona haina maana, akaenda zake. Kasuku alikuwa bado amesimama katikati ya ua, kimya kama maji mtungini, siti imeng'olewa, mbavu nje.

Kasuku ni skuta. Rangi yake ya kijani na makelele yake ndivyo vilivyompa jina. Baba yao alipostaafu na kuhamia shambani aliwaachia watoto wake wawili, Kaka na Kifaru, akawaambia wamtumie kwa busara. Kushirikiana skuta kwa busara ni sawa na kushirikiana mswaki. Kaka, karani wa ghala la saruji, alimhitaji mara moja moja, akiwa na mzigo. Kifaru alimhitaji kila siku ya Mungu. Yeye ni msusi wa maharusi na hana saluni. Saluni yake ni ile nafasi iliyo chini ya siti, humo humo na vitana, humo humo na mashine ya kukaushia nywele, humo humo na mafungu ya nywele za bandia. Akiitwa, huyo. Bila Kasuku haendi popote, na bibi harusi hawezi kumsubiri msusi anayekuja kwa miguu na mzigo kichwani.

Jina la Kifaru, kwa taarifa yako, alipewa na Bibi akiwa bado anatambaa, kwa sababu hajui kurudi nyuma. Akiukuta mlango umefungwa haulizi ufunguo. Anaugonga tena na kichwa.

Sasa, tangu siku Kaka alipomchukua Kasuku kubebea mfuko wa saruji, skuta alishikwa na ugonjwa wa ajabu. Anawaka vizuri kabisa. Anakwenda kwa madaha mpaka karibu na duka la kona, halafu anakohoa, anazima. Ukimbembeleza sana anawaka, akifika mbele kidogo anakuumbua upya. Siku ya kwanza alimzimikia Kaka mwenyewe, akamsukuma hadi nyumbani na saruji yake, suruali imekuwa ya kijivu mpaka kiunoni.

"Hiki sasa ni chuma chakavu," Kaka alisema asubuhi ile ya chai. "Nimeshaongea na mnunuzi. Anakuja alasiri na mkokoteni wake."

"Umemuua wewe kwa saruji yako, sasa unataka na kumzika?"

"Nimemuua! Mfuko mmoja tu?"

"Mtu humezwa na chatu mmoja tu, Kaka. Si lazima waje wawili."

Waliendelea hivyo mpaka kuku wakahama ua. Bibi, aliyekuwa kwenye kivuli cha jiko akichambua mchele, akagonga ungo.

"Basi! Masikio yangu ni mawili tu na yote mmeshayamaliza. Sikilizeni. Huyu Kasuku akiuzunguka mtaa bila kuzima kabla mwenye mkokoteni hajaondoka, anabaki hapa, na wa kumtumia ni Kifaru. Akizima, anapanda mkokoteni. Nisisikie tena neno."

"Na fundi asiitwe," Kaka akadakia. "Si amesema anaweza?"

"Nani kamtaja fundi?" Kifaru akakunja mikono ya blauzi. "Fundi akikanyaga ua huu namnyoa kipara."

Alianza na plagi. Akaifungua kwa spana, akaikuta nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Akaisugua kwa msasa, akaikausha kwa mashine yake ya nywele, akaigusisha kwenye chuma na kupiga kiki. Cheche ya buluu ikaruka, safi. Plagi haikuwa mgonjwa.

Akaenda kwenye chujio la hewa. Alipoligonga sakafuni, likatoka wingu la vumbi la kijivu.

"Saruji!" akapiga kelele, analinyanyua juu kama kombe. "Bibi, umeona? Ushahidi huu hapa! Huyu mtu kamlisha mwenzake saruji!"

Kifaru akalipuliza chujio, akalirudisha, akapachika siti, akapanda, akaondoka kwa mbwembwe huku anapunga mkono. Baada ya muda akarudi anasukuma.

"Umesahau kupunga mkono," Kaka akamwambia.

"Cheka. Cheka sana. Meno yatapigwa baridi."

Zamu ya kabureta ikafika. Kifaru alitandaza taulo la wateja, akapanga kila kipande kwa mpangilio ule ule alivyokitoa, kama anavyopanga vibanio vya nywele. Vitundu vyote akavipuliza mpaka mashavu yakamuuma. Springi moja ikaruka, ikapotea. Akapiga magoti kuitafuta, akachungulia chini ya karo, akamlaumu jogoo, mpaka Bibi akaitoa kwenye mchele.

"Ningeipika hii," Bibi alisema.

Kabureta ikarudi mahali pake na hakuna kipande kilichozidi. Kasuku akawaka, akanguruma, akafika duka la kona, akakohoa, akazima. Muuza duka alikuwa ameshaanza kumzoea; alimwekea hata kigoda. Kifaru hakukaa. Akainua siti, akafungua mfuniko wa tangi kuangalia mafuta. Yapo, tena mengi. Akafunga, akapiga kiki, Kasuku huyo, kama hakuna kilichotokea. Akakaribia nyumbani, akazima tena.

"Afadhali urudi nyuma mara moja tu maishani," Kaka alimwambia getini, na safari hii hakuwa anacheka. "Hata mimi nitamkumbuka, mdogo wangu. Lakini chombo kimechoka."

"Aliyechoka ni wewe. Mimi nimelowa jasho tu."

Alisema hivyo akiwa ameushika usukani kwa nguvu, maana mkokoteni ulikuwa unaingia. Mnunuzi wa vyuma, mzee mkavu mwenye kofia iliyochakaa kuliko bidhaa zake, akauegesha, akakaa juu yake, akaanza kumpima Kasuku kwa macho kuanzia taa hadi bomba la moshi.

"Endelea tu, binti," akasema. "Mimi nasubiri. Chuma hakiozi leo wala kesho."

Yale maneno yalimkata Kifaru maini. Akampa mgongo, akainua siti, akainama juu ya tangi na kuufungua mfuniko kwa hasira.

*Fyuuu.*

Akatulia. Akafunga, akawasha, akaacha injini iungurume pale pale bila kwenda popote mpaka ikakohoa na kufa. Akafungua tena, sikio karibu kabisa. *Fyuuu.* Tangi lilikuwa linavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

Sauti hiyo Kifaru aliijua. Chupa ya shampuu ukiipindua na kuikamua, inafika mahali inagoma. Haitoi kitu mpaka uiache ivute hewa. Basi Kasuku hakuwa na ugonjwa wa cheche wala wa kabureta. Alikuwa anakosa pumzi. Kila alipofunguliwa kuangaliwa mafuta alivuta kidogo, akatembea kwa hiyo hiyo. Na tangi lolote lazima liwe na mahali pa kupumulia.

Akaugeuza mfuniko. Pale katikati, panapotakiwa kuwa na kitundu kidogo kama cha sindano, palikuwa na doa jekundu, linang'aa, limepakwa kwa ustadi mkubwa. Tena mara mbili.

Kifaru akahisi masikio yanawaka moto.

Ilikuwa siku moja kabla ya ile ya saruji. Bibi harusi mmoja alikuwa amelalamika kwamba nywele alizosukwa zinanuka petroli, ukumbi mzima ulimkwepa. Kifaru alikagua chini ya siti, akaona harufu inatokea kwenye kitundu cha mfuniko, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, akakiziba. Siku hiyo alijiona mhandisi. Alijisifu kimoyomoyo mpaka akalala. Halafu akasahau.

Akainua kichwa taratibu. Kaka alikuwa getini akibishana na mzee kuhusu uzito wa injini. Bibi alikuwa amefumba macho, ungo mapajani, kidevu kifuani. Kifaru akavuta mkoba wake wa kazi kwa mguu, akatoa pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha, akafuta. Akakizibua kitundu kwa sindano ya kushonea nywele, akakipuliza, hewa ikapita. Pamba nyekundu ikaingia mfukoni.

"Harufu gani hiyo?" Kaka akageuka.

"Dawa ya kabureta. Mambo ya kitaalamu."

Akafunga mfuniko, akashusha siti, akapiga kiki. Kasuku akawaka. Wakatoka getini, wakapita duka la kona, na muuza duka akiwa ameshainua kigoda chake wakampita hivyo hivyo. "Kiweke ndani!" Kifaru akamfokea kwa furaha. Wakapanda mwinuko wa nyuma, wakakata kulia, wakakata tena, wakatokea upande wa pili wakiwa na kelele za kasuku ishirini. Alipoingia uani hakuzima. Alipiga resi mpaka kofia ya mzee ikatikisika.

"Haya, mzee wangu," akasema. "Mkokoteni wako utarudi mwepesi."

Mzee akacheka, akashika mkokoteni wake. Kaka akabaki ameduwaa, mikono kiunoni. Kasuku alikuwa wake sasa, mbele ya mashahidi, na hapo ndipo mtu yeyote mwenye akili angeshuka akanywe ile chai iliyopoa. Lakini huyu hajui kurudi nyuma, nimeshasema. Hata kusimama hajui.

"Mzee, ngoja kidogo ushuhudie," akaita. "Kaka, njoo hapa. Ilikuwa saruji. Vumbi lako lilimwingia mpaka rohoni, nimelitoa punje kwa punje. Nimesukuma skuta mtaa mzima unanicheka kwa ajili ya mfuko wako mmoja. Sasa omba msamaha. Na upige goti."

Kaka ana makosa yake, lakini akikosa hukubali. Alikuwa ameliona lile wingu la kijivu kwa macho yake. Akainamisha kichwa, akaanza kukunja goti.

"Haya, mdogo wangu. Kweli mimi ndiye niliye..."

"Usichafue suruali," ilisema sauti kutoka kivulini.

Bibi alikuwa bado amefumba macho.

"Mjukuu wangu, zima hicho chombo nisikike."

Kifaru akazima, akashuka. Bibi akauweka ungo pembeni, akavua ndala, akaunyoosha mguu wake mbele ya watu wote. Kucha zilikuwa nyekundu, zinang'aa, zimepakwa kwa ustadi mkubwa. Zote isipokuwa ya kidole kidogo, ambayo ilikuwa kavu kama ilivyozaliwa.

"Ulinipaka wewe, hapa hapa," Bibi alisema. "Ulipofika kwenye hiki ukasimama. Nikakuuliza, mbona umekiruka? Ukanijibu, subiri Bibi, nazibia kwanza kitundu cha Kasuku, kinanukisha nywele za watu. Ukarudi na kichupa kitupu. Ulipopata kipya ukajipaka mwenyewe. Mimi tangu siku ile nasubiri."

Mzee wa vyuma akauachia mkokoteni wake. Kaka, goti likiwa nusu ya safari, akalirudisha juu, akajipangusa suruali polepole, akaenda kuinua siti na kuutazama mfuniko.

Pembeni ya kitundu palikuwa pamebaki duara jembamba, jekundu.

"Enhe," akasema. "Ulikuwa unasema ilikuwa saruji."

Kifaru akajinyoosha kando ya Kasuku wake, kidevu juu, mkono umeikamata ile pamba mfukoni.

"Na saruji nayo ilikuwepo," akasema.

Bibi alikichezesha tu kile kidole.