Tano Tu, Kisha Achia

Mimi ni mtu wa haraka tangu tumboni. Mama husema nilizaliwa kwenye sleji, kile kigari cha kuburutwa juu ya theluji, baba akiwa bado anatafuta glavu zake. Kwa hiyo msinishangae kwamba siku moja kabla ya arusi yangu, baba aliponikabidhi pikipiki mpya ya theluji, nyekundu, inang'aa, niliirukia na kwenda nayo ziwani nikipiga vigelegele ndani ya kofia ngumu.

"Nusu ya ekseleta!" baba alipiga kelele nyuma yangu. "Injini mpya hiyo, haijazoea! Na ukirudi uipaki juu ya matawi!"

Nusu ya ekseleta niliitii, Mungu shahidi. Matawi niliyasahau. Kando ya ziwa nilipita kwenye theluji iliyolowa maji, nikarudi nimelowa hadi magotini, nikaiacha pikipiki palepale uani na kukimbilia ndani kujaribu nguo ya arusi. Kwetu hata mtoto wa miaka sita anajua kwamba jioni unatandika matawi ya mti wa mbetula chini ya pikipiki, ule mkanda mpana unaoisukuma usilale kwenye theluji. Mtoto wa miaka sita, lakini si mimi Sunná, bibi arusi.

Asubuhi, saa tatu, baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Mkanda ulikuwa umeganda kama umemiminiwa zege.

Sasa mwelewe hesabu yangu. Arusi saa sita kamili, kanisani, kilomita thelathini na tano kutoka kambi yetu ya baridi, ambako hakuna barabara ya gari. Kaka yangu alishaondoka alfajiri na pikipiki ya zamani na nyama yote ya karamu. Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, siku ambayo kila mtu kwetu anaoa, na mchungaji alikuwa na arusi nne zimefuatana. Ukikosa zamu yako, umekosa. Na Jumanne mchumba wangu Issát angeondoka na kundi lake la kulungu wa kufugwa kuhamia pwani, majike wote wana mimba, hawasubiri mtu. Ningekosa leo, ningengoja hadi Pasaka ijayo. Mwaka mzima! Mimi, ambaye siwezi kungoja chai ipoe!

Nikafanya ujinga wa pili. Nikawasha injini ikiwa baridi kama jiwe, nikabana ekseleta hadi mwisho ili ijing'oe. Haikujing'oa. Ikanguruma, ikatetemeka, na harufu ya beliti inayoungua ikanipanda puani.

Baba akatoka na soksi tu miguuni, akachomoa kamba ya usalama. Injini ikanyamaza.

"Unataka kuolewa au unataka kuchoma beliti?"

"Nataka vyote viishe haraka, baba!"

"Injini ni kama mkwe, mwanangu. Ukiiudhi siku ya kwanza, itakukumbuka miaka kumi."

Mama akaja mbio na birika la maji ya moto. Baba akamzuia. "Ukimwaga hayo, yataganda juu ya barafu ya kwanza. Weka kahawa humo, tutaihitaji." Basi tukachukua nyundo ya mbao na mgongo wa shoka, baba, mimi na shangazi zangu wawili, Biggá na Elle, tukagonga barafu taratibu, kipande kwa kipande, kwenye mkanda na chini ya miguu ya mbele ya kutelezea. Shangazi Biggá alikuwa tayari amevaa mapambo yake yote ya fedha kifuani, na kila akigonga yalilia kama kengele za zizi zima. Nilikuwa na hasira, kisha nikaanza kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha.

Saa nne na nusu mkanda ukaachia. Nikaruka kitini.

"Shuka," akasema baba.

"Baba!"

"Shuka. Ingiza kwanza hizo nyuzi za shali yako ya arusi ndani ya ovaroli. Zikinaswa kwenye mashine, tutazika badala ya kuoza."

Nikaingiza nyuzi, nyuzi za hariri ambazo mama alizisuka kwa majira mawili. Tukainua sehemu ya nyuma juu ya gogo, pua ya pikipiki ikitazama ziwa tupu. Baba akamfukuza kila mtu aliyesimama nyuma, maana mkanda ukirusha kipande cha barafu hauulizi ni shangazi wa nani. Akanifanya nibane ekseleta na kuiachia mara tatu injini ikiwa imezimwa, kuona kama inarudi yenyewe au imeshikwa na baridi. Ikarudi. Breki nayo ikashika. Kamba ya usalama nikaifunga mkononi. Ndipo nikaruhusiwa kuwasha.

"Sasa kahawa," akasema baba.

Hii ndiyo desturi ya nyumba yetu, na siku hiyo niliichukia kwa moyo wangu wote. Kikombe cha kwanza hunywewa injini ipate moto, na cha pili dereva apate moto. Mpaka viishe, hakuna anayegusa kitu. Baba alikata jibini vipande vidogo, akavitumbukiza kikombeni, akavingoja vilainike. Injini ilinguruma polepole, mkanda ukizunguka hewani kidogo kidogo.

"Mwenda pole hajikwai," akasema, akitafuna.

"Na arusini hafiki!"

Shangazi Elle akacheka hadi kahawa ikamtokea puani. Baba akainama, akagusa chini ya kiti. Theluji pale ilikuwa inayeyuka na kudondoka. "Imepata moto," akasema. "Twende tukakuoze."

Saa tano kamili. Mimi mbele, baba nyuma yangu, mama na shangazi nyuma kwenye sleji tuliyoivuta, chini ya ngozi za kulungu. Nusu ya ekseleta. Katikati ya njia baba akanigonga begani, tukasimama dakika tano nzima injini ipumzike. Niliipiga ngumi theluji. Mama alipata mtandao kilimani, akampigia mchungaji.

"Anasema tusipofika, saa sita na dakika kumi anaanza arusi ya pili," mama akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Zilibaki kilomita kumi na tano. Nilimgeukia baba nikiwa karibu kulia. "Niache nibane, baba. Tafadhali."

Akatoa kijitabu cha maelekezo ya pikipiki kifuani, kwenye joto, kumbe alikuwa amekilalia kama kuku na yai! Akasoma mstari mmoja kwa kidole. "Kubana hadi mwisho inaruhusiwa," akasema, "kwa muda mfupi. Mimi nahesabu tano tu, kisha unaachia. Injini ikishapumua, tunarudia."

"Moja!" akapiga kelele, nami nikabana.

Jamani! Pikipiki ikaruka kama ndama aliyefunguliwa. "Mbili! Tatu!" Shangazi wakadaka hesabu kule nyuma, "Nne! Tano!" Nikaachia. Tukapumua. Kisha tena. Tuliufuata mto ulioganda hivyo hadi mwisho wa njia, watu watano tukihesabu kwa mayowe. Pale chini ya kanisa wageni walitusikia, na mara ya mwisho walihesabu nao, mamia ya watu kwenye kingo za barafu, "Nne! Tano!", nikaachia na kuteleza hadi mlangoni.

Saa sita na dakika nane. Mchungaji alikuwa ameshika mlango, bibi arusi wa zamu ya pili akininunia. Nikavua ovaroli, nywele zimelala upande mmoja kwa kofia ngumu, nikaingia. Issát alikuwa amekuwa mweupe kuliko theluji.

"Sunná," mchungaji akauliza, nami bado nahema, "unakubali kuolewa na Issát?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi tangu miaka miwili iliyopita. Nikageuka kidogo. Kwenye benchi la mbele baba alikuwa ananitazama, macho yamejaa maji, na mkono wake gotini ulikuwa umefunua kidole kimoja.

Nikangoja. Kidole cha pili. Issát akanishika mkono kwa nguvu. Cha tatu. Shangazi Biggá akaanza kunong'ona hesabu. Cha nne. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na haraka ya kwenda popote.

"Tano," akasema baba kwa sauti.

"Ndiyo!" nikapiga kelele, na mkono wa Issát sikuuachia.