Furaha Ambayo Hakuna Aliyeiulizia

Fundi huyu wa makochi walimwita Misumari, kwa sababu akiwa kazini alikuwa akibana misumari midogo midomoni na bado anapiga soga. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa maswali. Mama mkwe wake, mamake Misumari, aliyeishi nao, alipenda kumtania kwamba watoto wa darasani wamemwambukiza.

Mwaka ule Misumari alilala. Si usingizi, alijilaza tu, uso ukutani, karakana imefungwa, makochi ya wateja yanakula vumbi. Zahanati walimwambia ana sonona, wakampa vidonge. Baada ya wiki chache akainuka, na nyumba nzima ikashusha pumzi.

Kisha akazidi kuinuka. Usingizi ukampaa. Akawa anaongea mbiombio mpaka maneno yanakanyagana. Alasiri moja mwalimu alirudi kutoka shuleni akakuta makochi yote ya sebuleni yamechanwa, sponji zimezagaa hadi jikoni, na mumewe ameketi katikati, sindano mkononi.

"Mwalimu, nimegundua! Dunia nzima watu wanakaa vibaya. Natengeneza kochi moja litakalofaa kila mgongo."

"Na sisi leo tunakaa wapi?"

"Chini! Wafalme wote walianzia chini."

Mwalimu alicheka, angefanyaje? Ndipo akaona vidole vya mumewe vinatoka damu. Sindano ilikuwa imemchoma mara nyingi, naye hana habari.

"Mwache achangamke," mama mkwe alisema. "Si afadhali hivi kuliko kulala kama gogo?"

Mwalimu hakubishana naye. Alimwita shemeji yake, wakambembeleza Misumari mpaka akakubali kwenda hospitali, mama naye akafuatana nao.

Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa mama mmoja mpole wa sauti. Alimsikiliza Misumari bila kumkatiza, kisha akamgeukia mwalimu. "Kabla ya hapa, aliwahi kuwa na furaha iliyopita kiasi?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuwauliza. "Kwani furaha nayo ni ugonjwa?" mwalimu aliuliza.

"Yenyewe siyo. Lakini anapokuwa nayo, analala? Ukimwambia subiri, anasubiri?"

Mwalimu akakumbuka mwaka mumewe alipopaka nyumba rangi ya bluu, kuta, milango na hata ngazi, bila kulala siku kadhaa, halafu akazimika kama taa. Aliposimulia hayo, mama mkwe akainamisha kichwa. "Baba yake pia alikuwa hivyo," alisema polepole. "Sisi tulisema ni mtu wa vipindi."

Daktari akawaeleza kwamba ni bipola: ugonjwa unaompandisha mtu mno, kisha ukamshusha mno. Unaweza kutembea katika familia, ingawa si kila mtoto anaurithi. Vile vidonge vya sonona, vikitumiwa peke yake, vinaweza kumrusha juu mtu wa namna hii.

"Mbona zahanati hawakuona?"

"Alikwenda akiwa chini. Akiwa juu, nani anakuja kushtaki kwamba ana furaha?"

Misumari alilazwa. Alipewa dawa za kumtuliza na kumrudishia usingizi, na baadaye akaanzishiwa lithiamu. Mwalimu akataka kujua hiyo lithiamu ni kitu gani.

"Ni aina ya chumvi," daktari alisema.

Mama mkwe akaruka. "Basi nimzidishie kwenye mboga!"

"Hapana, mama! Si ya jikoni hiyo. Ya jikoni asiizidishe wala asiikate ghafla, na maji anywe ya kutosha." Kisha akaeleza kwa nini damu itapimwa mara kwa mara: dawa ikipungua haisaidii, ikizidi kidogo tu inakuwa sumu. Figo na tezi ya shingoni navyo vitaangaliwa.

Nyumbani, mikono ya Misumari ilianza kutetemeka. Kwa mtu anayeishi kwa sindano, huo ulikuwa msiba, akasema anaziacha dawa. "Usiziache kimyakimya," mkewe alimwambia. "Twende ukamwambie mwenyewe." Daktari akapima damu, akapunguza kiwango. Mtetemeko haukuisha, ila uzi ukaanza kupenya tena kwenye tundu la sindano.

Jioni moja Misumari akasema, "Nikuulize. Yule aliyekuja kukuposa amevaa koti alilolishona kwa kitambaa cha makochi, alikuwa mimi au ugonjwa?"

Mwalimu akalibeba swali hilo. Walipokwenda tena kliniki akamuuliza daktari.

"Sijui," daktari alijibu. "Kipimo cha hilo hatuna."

"Daktari mzima hajui?" Misumari akaguna, halafu akacheka. Akamtazama mkewe. "Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema koti lilikuwa baya, na nilimpenda aliyelivaa."

Wakawekeana sharti. Usingizi ukimpotea mfululizo, mwalimu atampigia daktari simu bila kuomba ruhusa. Misumari alikubali, naye akatoa lake: mkewe aache kumkodolea macho kila anapocheka.

Hilo la pili linamshinda. Juzi kicheko kilisikika karakanani, mwalimu akajikaza, akaendelea kumenya viazi. Akamenya kimoja. Kisha akaweka kisu chini, akaenda kuchungulia.

"Nakuona!" mumewe alimwambia, misumari midomoni. "Ingia basi, usikie kilichonichekesha."