Sanduku la Akina Mama

Bwana Makori, meneja wa kiwanda cha chai, alikuwa na tabia ya kuagiza jambo baya kwa sauti ya mtu anayeagiza mandazi. Jumatatu asubuhi aliegemea mlango wa chumba cha kompyuta, akamwambia Phanice, "Ijumaa bodi inakuja. Masanduku yote ya barua pepe yawe yameingia kwa sistemu yako. Na lile la akina mama pia."

Phanice aliacha kuandika. Sistemu ile ilikuwa jasho lake. Kabla hajaitengeneza, barua pepe za kiwanda zilikuwa zimetawanyika kila pembe: wakulima wakiandika huku, madereva wa malori kule, wanunuzi kwingine, na majibu yakichelewa mpaka watu watukane. Yeye ndiye aliyebuni ukurasa mmoja wa kuyakusanya masanduku yote. Mwenye sanduku huelezwa kwa Kiswahili barua zipi zitasomwa na nani, kisha huchagua kitufe kimoja kati ya viwili: Kubali au Kataa. Asipokubali, sanduku lake haliunganishwi.

"Hilo si la ofisi, bosi. Ni lao wenyewe."

"Na wao wanafanya kazi kwa nani?"

Kilichokuwa ndani ya sanduku hilo kilijulikana mpaka jikoni. Wanawake wachuma chai walikuwa wakimlalamikia nyapara mmoja, ambaye mwanamke akikataa kumtembelea nyumbani kwake, majani yake hupimwa mepesi. Waliandika kwa majina yao, kwa sababu waliahidiwa kwamba kamati yao peke yake ndiyo ingesoma. Nyapara huyo alikuwa shemeji yake Makori. Makori akiyapata majina, wanawake hao wangefukuzwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa kisingizio chake.

"Mimi ndiye nilikuingiza hapa," Makori aliendelea, sasa kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, taratibu, kama mzazi. "Mkataba wako unaisha mwezi huu. Wewe ni msichana wetu. Usiniaibishe."

Neno hilo "wetu" lilimchoma Phanice kuliko kitisho chenyewe. Mama yake alichuma chai kwenye mashamba hayo hayo mpaka vidole vikapinda, na alipoonewa, hakuna hata mmoja wa hao "wetu" aliyefungua kinywa.

"Paswadi yao sina," alijibu.

"Hiyo niachie mimi." Makori akaenda zake akicheka.

Kile kicheko kilimnyima raha. Saa ya chakula aliteremka hadi kwenye kibanda cha kupimia majani kumtafuta Beldina, ambaye wengi walimwita Mama Adongo, mwenyekiti wa kamati ya akina mama, Mjaluo mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde.

"Mama Adongo, hili sanduku mlifunguliwa wapi?"

"Kwa Seth, pale saiba sokoni. Mimi imeli ningejulia wapi?"

"Aliandikisha namba ya simu ya nani?"

"Yake. Si huyo huandika yake kwa kila mtu?"

Beldina alipoona uso wa Phanice, aliteremsha kikapu chini.

Ilikuwa kweli. Nusu ya masanduku ya watu wa pale sokoni yalikuwa yamefungwa kwenye simu ya Seth. Hakuwa na ubaya. Foleni ikiwa ndefu na mtu amesahau simu nyumbani, Seth huweka namba yake, kazi ikaisha. Lakini yeyote akibonyeza kwamba amesahau paswadi, namba ya siri ya kulifungulia sanduku hutumwa kwa simu hiyo.

Walimkuta Seth kwenye kiduka chake cha intaneti, akitoa fotokopi. Kusikia jina la Makori, akaiacha mashine ikihangaika peke yake.

"Amenipigia jana," alisema. "Ati Ijumaa kuna namba itaingia kwa simu yangu, nimsomee. Nilidhani ni kazi ya ofisi."

"Na ungesoma?" Beldina aliuliza.

"Sasa mama, ningekataa aje?"

"Na mdomo."

Beldina akachomoa kabambe yake kifuani, simu ndogo ya vitufe, akaibwaga mezani. "Toa yako. Weka hii." Seth akabadilisha namba bila ubishi. Kisha Phanice akamwambia Beldina achague paswadi mpya, na alipokuwa akiibonyeza herufi moja moja kwa kidole cha shahada, Phanice aligeuka akatazama barabarani. Hakutaka kuijua hata yeye.

Ijumaa wajumbe wa bodi walifika, wakapewa chai ya maziwa. Beldina alialikwa kwa niaba ya wachumaji, akapewa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Phanice akawasha projekta, akaonyesha sanduku la wakulima, la madereva, la wanunuzi, yote yakiwa mahali pamoja. Wajumbe walipiga makofi. Ilibaki sehemu moja ukutani: Kamati ya Akina Mama. Mwenyewe hajakubali.

"Hao wamesahau paswadi tu," Makori aliiambia bodi bila haya. "Phanice, bonyeza hapo pa 'nimesahau'."

"Mimi sijasahau kitu, bosi."

"Bonyeza!"

"Nitasahau aje kitu sikuwahi kujua?"

Mjumbe mmoja akaficha kicheko kwenye kikombe. Makori akamsukuma Phanice kando, akabonyeza mwenyewe, kisha akampigia Seth simu kwa sauti ya wazi ili watu wote wasikie mambo yanavyokwenda.

"Seth, nisomee hiyo namba."

"Hapa hakuna kitu imeingia, mkubwa. Namba yangu ilitolewa kwa hilo sanduku."

Wakati huo huo kabambe ikalia huko nyuma karibu na mlango.

Shingo zote ziligeuka. Beldina akaitoa, akaitazama, akasimama. Phanice aliingiwa na hofu ya kweli, maana mama huyu alikuwa analisha wajukuu kwa hilo hilo shamba.

"Mama," Makori akalegeza sauti, "tusomee hiyo namba. Ni kazi tu."

Beldina akapita katikati ya viti mpaka mbele. Akabandua mfuniko wa nyuma wa simu kwa ukucha, akatoa betri, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti wa bodi, kando ya sahani ya mandazi.

"Hii kitu yenu inaomba ruhusa," akasema. "Imeomba. Mimi nimekataa. Mkitaka kujua wanawake wanalia nini, tuiteni sote hapa, na huyo shemeji ya Makori akae mbele yetu. Tutasema na mdomo."

"Shemeji gani?" mwenyekiti wa bodi akauliza.

Makori akamgeukia Phanice. "Phanice, zima hiyo projekta."

Mwenyekiti alikuwa bado anamtazama Makori, akingoja.

"Nimesema zima!"

Mkataba ulikuwa unaisha mwezi huo, na Phanice alijua vizuri ni kalamu ya nani ingetia sahihi au isitie.

"Sizimi," akasema. Akaigeuza kompyuta ielekee upande wa pili wa meza. "Mama Adongo, kuna kitufe cha Kataa pia. Hicho hubonyezwa na mwenyewe."

Beldina akajipangusa kidole kwenye leso, akainama, akabonyeza. Ukutani, mbele ya bodi nzima, maneno yakabadilika: Mwenyewe amekataa.