Mapigo ya Nani

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024. Tangu alfajiri mvua ilimwagika juu ya bati la zahanati yetu ndogo ya Bangwe kama gunia la dagaa wakavu lisilokwisha.

Saa mbili asubuhi Elida alijifungua mtoto wa kike, amelegea, hapumui. Eufrasia, muuguzi aliyesomea kazi hiyo ukubwani, jioni baada ya jembe, alimkausha na kumsugua mgongo. Kimya. Tabibu Wilfred akamvika barakoa, akaanza kubana mfuko wa hewa.

"Mapigo, dada!"

Eufrasia aliweka stetoskopu kifuani. Akasikia mvua tu. Akakibana kitovu kwa vidole viwili: du, du, du, mbio. "Mia na ishirini!"

"Bwana asifiwe," alisema Wilfred, akaendelea kubana vilevile.

Bibi Rahabu, mama yake Elida, akaguna pale ukutani. "Muuguzi, umekuja mbio toka kisimani, unahema kama mbuzi. Hayo si mapigo yako?"

Eufrasia akatazama vidole vyake, kisha midomo ya bluu ya mtoto. Aibu ingesubiri, mtoto asingeweza.

"Wilfred, nimekosea. Nimehesabu ya kwangu. Bibi, nifunge masikio!"

Rahabu akavua kitenge chake, akamzungushia kichwani mara tatu juu ya stetoskopu. Eufrasia akafumba macho, midomo ikamchezacheza.

"Ombi fupi, dada!"

"Nimeshasema amina."

Mvua ikasogea mbali. Kwa kila pigo alilosikia, akagonga meza kwa kidole, kama alivyofundishwa. Wilfred alitazama saa ya ukutani: sekunde sita, mapigo matano.

"Mara kumi, hamsini tu! Na kifua hakipandi." Wilfred akanyoosha kichwa cha mtoto, akaiketisha barakoa upya, akabana. Kifua kikainuka.

Kidole kikagonga tena. Manane. Kikagonga tena. Kumi na mawili! Papo hapo mtoto akalia, akaishinda mvua.

Elida alilia naye kitandani. Rahabu akafungua kitenge chake, akamkazia macho muuguzi. "Sasa toa ahadi juu ya kosa lile, tusikie wote."

Eufrasia akasimama wima, mkono kifuani.

"Mbele za Mungu, na mbele yako bibi, na Elida, na Wilfred: namba ambayo sina hakika nayo haitatoka kinywani mwangu juu ya mtoto yeyote. Nisiposikia, nitasema sijasikia."