Sauti Iliyotoka Marua

Pikapu ya Nyawira ilikuwa imefika umri ambao gari huanza kuchagua siku za kufanya kazi. Asubuhi za Endarasha zina baridi ya kukata masikio, na ile injini yake ya dizeli ilikuwa haiwaki mpaka majirani waitwe kuisukuma, wengine bado wameshika vikombe vya chai. Siku injini hiyo ilipopasuka na kumwaga oili yote barabarani, hakushangaa. Alitafuta gari la kuivuta hadi Nyeri mjini, kwa Mukhtar wa Majengo, ule mtaa wa Waislamu, fundi aliyekuwa akiitibu tangu enzi za marehemu mumewe.

Mukhtar aliinama, akachungulia, akajipangusa mikono.

"Mama Ben, hii tuizike tu. Niko na injini moja ya kutoka Japani, imefika juzi. Ni ya petroli, lakini itakaa hapo vizuri."

"Petroli si inakunywa sana?"

"Inakunywa. Lakini asubuhi inaamka."

Nyawira akacheka, wakaelewana. Ile ya zamani ikatolewa kwa mnyororo, nyeusi kama sufuria ya matanga, na ile ya Japani ikateremshwa mahali pake. Mukhtar aliosha tangi, akabadilisha mipira ya mafuta, akaweka petroli yake mwenyewe ya kujaribia. Ilipounguruma, hata wauza vitumbua wa ng'ambo waligeuka.

"Niachie mpaka kesho," Mukhtar akasema. "Hapa kwa mfuniko wa tangi bado kuna yale maandishi ya dizeli. Nataka kuyakwangua nipake rangi."

Nyawira alikuwa na miche ya kabeji inayongojewa Mweiga. Ndiyo kazi iliyosomesha watoto wake: kuotesha miche na kuipeleka kwa wakulima wa pande zote za mlima.

"Mukhtar, mimi si mtoto. Najua gari yangu inakunywa nini."

Mukhtar alishika dirisha gari likianza kuondoka. "Petroli, Mama Ben. Usisahau."

Siku zile za kwanza pikapu ilikuwa raha tupu. Alifika Mweiga akazidi kuiamini, akarudi Endarasha akiimba. Ijumaa akapakia trei za miche ya vitunguu kwenda Kianyaga, na alipopita Nyeri mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Akaingia kituo cha mafuta cha kutokea mjini, simu sikioni, kwa maana mteja wa Kianyaga alikuwa akimlalamikia kwamba amechelewa na vibarua wanakaa bure.

Mhudumu, mwanaume wa makamo aliyeitwa Kinyua, alisoma yale maandishi ya mfuniko, akainama dirishani.

"Mama, ni dizeli?"

"Dizeli. Kama kawaida," Nyawira akajibu, akamgeukia tena mtu wa simu.

Kwenye kilima cha karibu na Marua, pikapu ilikohoa. Ikakohoa tena, ikatoa moshi uliofunika magari ya nyuma, ikazimika. Nyawira aliisukumiza kando kwa msaada wa wapita njia. Jua lilikuwa limepanda, miche ikaanza kulala kwenye trei. Alimpigia Mukhtar, simu ikalia bila kujibiwa. Akapiga tena, na tena. Haikumjia akilini kwamba ilikuwa Ijumaa adhuhuri na mtu huyo alikuwa msikitini.

Hasira ikampanda. Alifungua kundi la simu la wakulima wa miche, lenye watu kutoka Mweiga mpaka Timau, akabonyeza kidude cha kurekodi.

"Watu wangu, mjihadhari na Mukhtar wa Majengo! Ameniwekea mzoga wa injini, ati imetoka Japani. Saa hii nimekufa hapa Marua na miche inakauka. Hata simu hashiki, mwizi huyu! Lakini hawa watu wa Majengo ndivyo walivyo, tunawaamini bure."

Akatuma. Akajisikia nafuu, kama mtu aliyetapika.

Hazikupita dakika nyingi Mukhtar akapiga, akiomba radhi, akisema alikuwa kwenye swala; alipoambiwa ni Marua, akasema yuko njiani. Alifika na kanzu yake ya Ijumaa, akaikunja kiunoni, akaingia chini ya boneti. Alichomoa mpira wa mafuta, akamimina kidogo kiganjani, akasugua kwa vidole, akanusa.

"Mama Ben, uliweka mafuta wapi?"

Hapo ndipo Nyawira aliposikia sauti yake mwenyewe. *Dizeli. Kama kawaida.* Damu ilimpanda usoni mpaka masikio yakamuuma. Watu waliosaidia kusukuma walikuwa wamesimama pale wakingoja kujua ni nini. Angeweza kusema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Nilimwambia yule mtu petroli. Ameniwekea dizeli!"

Mukhtar akashusha pumzi, na Nyawira aliona jinsi mabega yake yalivyolegea. "Alhamdulillahi. Basi si injini. Nilikuwa nimeogopa nimekupatia kitu kibaya."

Alitoa mafuta yote kwenye tangi, akasafisha mipira, akaweka petroli ya galoni aliyokuja nayo. Wakati huo Nyawira alijificha nyuma ya trei zake akajaribu kuifuta ile sauti. Ilifutika kwenye kundi, lakini rafiki yake Tabby alikuwa tayari amemwandikia: *Pole sana. Nimewatumia watu wa kanisa na wa Nanyuki wajue.*

Injini iliwaka. Nyawira akataka kushika njia ya Kianyaga haraka haraka, lakini Mukhtar alimzuia.

"Miche imeshalala, Mama Ben. Turudi kwanza pale kwa mafuta. Hatuwezi kunyamaza. Mtu amekuharibia siku yako."

"Wacha tu, Mukhtar. Mungu ataona."

"Hapana. Wewe ni mjane, watu wakuonee nikiangalia?"

Nyawira alirudi mjini nyuma yake kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Mukhtar alieleza kwa upole, lakini meneja hakuwa mpole. Alimwita Kinyua mbele ya wateja.

"Bosi, nilimuuliza," Kinyua akasema, akamgeukia Nyawira. "Mama, si nilikuuliza? Ulikuwa kwa simu."

Nyawira alitazama chini, kwenye madoa ya mafuta.

"Wewe kila siku hukosi la kujibu," meneja akasema. "Vua hiyo nguo uache hapo. Mambo ya mshahara utakuja kuulizia."

Kinyua hakubishana. Alianza kufungua vifungo vya sare, kimoja kimoja, na ndani alikuwa amevaa fulana iliyotoboka begani. Alilificha tundu lile kwa kiganja, mwanaume mzima mwenye mvi kidevuni, na gari zilizopanga foleni zikimtazama.

"Mwache," Nyawira akasema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena, kwa sauti iliyokwaruza.

"Mwache! Aliniuliza. Mimi ndiye nilimwambia dizeli."

Meneja akamtazama, kisha akamwashiria Kinyua arudi kazini. Kinyua akafunga vifungo vyake, akarudi kwenye pampu bila kumwangalia. Nyawira alimfuata na pole zake, naye akajibu tu, "Gari zinangoja, mama."

"Kule Marua umeniambia vingine," Mukhtar akasema wakiwa wamebaki wawili.

"Nilidanganya. Na kuna kingine." Ile sauti haikuwa tena kwenye simu yake. Ilibidi amwombe Tabby amrudishie, na ilipokuja akampa Mukhtar simu mkononi. Afadhali aisikie akiwa mbele yake.

Mukhtar aliisikiliza yote. Kwenye neno *mwizi* hakutikisika. Kwenye *hawa watu wa Majengo* aligeuza uso akatazama barabara. Akamrudishia simu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima.

"Babu yangu alizikwa hapa Nyeri, Mama Ben," akasema. Akateremsha kanzu yake iliyokuwa na doa la mafuta, akaingia garini mwake, akaenda.

Jioni ile Nyawira alirekodi nyingine. Alisema yote: dizeli, uongo, Kinyua, na lile neno juu ya Majengo. Watu wa kundi wakamtumia vidole gumba na mikono ya maombi. Hakuna aliyeipeleka kanisani wala Nanyuki.

Jumapili alikwenda nyumbani kwa Mukhtar na kapu la mayai. Mkewe, Saumu, alimkaribisha, akamwekea chai.

"Tumesamehe," Saumu akasema. "Lakini mtoto wetu Hafiz aliisikia kwa simu za wenzake. Aliniuliza kama ni kweli baba yake ni mwizi. Nilimwambia hapana, lakini ameniuliza, unaona? Zamani asingeuliza."

Nyawira aliitazama chai ikipoa. Aliinywa hivyo hivyo.

Mukhtar aliendelea kuihudumia pikapu. Aliyakwangua yale maandishi, akapaka rangi. Salamu alimpa, bei haikubadilika, ila siku hizi kazi akiimaliza humtuma Mutahi, kibarua wake, ampelekee Nyawira ufunguo.

Miezi kadhaa baadaye Nyawira alipeleka miche Timau. Mteja mmoja mgeni, mama mwenye shamba la vitunguu, aliisifu pikapu ilivyopanda kilima.

"Hiyo injini ulifungiwa wapi? Yangu imechoka."

"Nyeri. Kwa Mukhtar wa Majengo."

"Woi! Si ndiye yule mwizi? Kuna mama alituma sauti akiwa amekwama barabarani. Niliisikia hata mimi."

Wanawake wengine wawili walikuwa pale wakichagua miche. Nyawira aliweka trei chini.

"Ile sauti ni yangu," akasema. "Nilimsingizia. Makosa yalikuwa yangu mimi. Nikupatie namba yake?"

Yule mama akainamia miche, akaanza kuigeuza geuza kutafuta iliyonyauka. Nyawira aliisema ile namba hata hivyo, polepole, tarakimu moja moja.

Yule mama hakutoa simu.