Tatu Zisizo na Uzito

Watu wa Mutomo walijua kwamba Munyao, profesa mstaafu wa fizikia, alirudi nyumbani kufuga mbuzi na swali moja. Mbuzi walikwenda na kiangazi. Swali lilibaki, na sasa lilikuwa limelazwa naye wodini.

Swali lenyewe aliwaeleza hata wazee wa kanisa, nao wakaitikia amina kwa adabu tu. Kuna chembe, alisema, zinazojizungusha kwa mkono wa kushoto pekee. Chembe ya kushoto hupata uzito ikiwa na mwenzake wa kulia. Hizi hazina mwenza, basi hazina uzito. Tena zina ulinganifu: ukizibadilisha nafasi, hesabu haijui tofauti. Sasa zibane kwa kani kali zisiweze kuachana. Je, ulinganifu utavunjika na uzito uingie? Au tatu zitashikana ziwe kitu kimoja, ulinganifu ukiwa mzima, na kitu hicho kisiwe na uzito hata kidogo? Munyao alisema zitashikana. Hesabu ya zamani ilimkubalia, kwa maana jumla ya chembe za mwanzo ililingana na ya kile kitu cha mwishoni. Aliyajenga maisha yake juu ya jibu hilo.

Binti yake Wavinya, naye mwanafizikia, ndiye aliyepata kipimo kikali zaidi cha kukagua hesabu kama hizo. Alikipitisha kwenye kazi ya baba yake akitumaini kuipa nguvu. Ikagoma. Alirudia na kurudia, na kila mara ilibaki njia moja tu, ulinganifu kuvunjika.

Mlangoni mwa wodi, mama yake Kalekye alimshika mkono. "Atakuuliza. Mwambie imekubali."

"Mama, haijakubali."

"Na hiyo ukweli yako itamponya? Mtu anaenda, Wavinya. Wacha aende na furaha."

Wavinya akakubali. Nani asingekubali? Aliingia na uongo wake tayari mdomoni.

Munyao alikuwa amebaki mifupa na macho. "Mwaitu," aliita. Mama yetu. Hakuwahi kumwita vingine, kwa sababu Wavinya lilikuwa jina la mama mzazi wa Munyao, na kwa Wakamba binti akipewa jina la nyanya yake, baba yake humwita mama. Walipobishana hesabu jikoni, Munyao akishindwa alicheka na kusema, mimi ni nani nimkatae mama?

Leo hakucheka. Homa ilikuwa imemrudisha mbali sana. "Mwaitu, hiyo kitu yangu imesimama ama imevunjika?" Alimtazama kama mtoto aliyeangusha kibuyu cha maziwa, akingoja kusikia mama atasemaje.

Binti angeweza kumdanganya baba. Mama hakuweza kumdanganya mwanawe.

"Imevunjika," alisema.

Akamweleza kile kipimo, polepole. Munyao alifuata mpaka mwisho, midomo ikihesabu. Kisha akalia kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka, na Wavinya akalia naye.

"Basi ina uzito," alisema mzee. Na baadaye, "Usiende, Mwaitu."

Hakwenda. Munyao alikata roho jioni ile, amemshika kidole.

Kaburini Kalekye alimwinamia Wavinya sikioni. "Ungemdanganya tu," alisema. Waumini wakapanga foleni kumpa pole. Pole Wavinya, pole sana Wavinya. Aliitikia kila mmoja, akisikiliza kama kuna atakayemwita lile jina lingine, huku akijua aliyelitumia yumo chini ya udongo.