Kisanduku Nilichokiacha Tupu

Mimi napika katika klabu ya chama chetu, hapa kwenye uwanja wa kanisa, mwaka wa arobaini na tatu huu. Mtu mmoja aliwahi kukitukana chama mbele yangu, nikammwagia supu ya sungura, tena ya moto, na mtu huyo ni shemeji yangu. Sisemi ili nisifiwe. Nasema mjue anayewasimulia ni mtu wa namna gani, maana nataka kumsifu Doreta Farruġ, na mimi si mwepesi wa kusifu.

Kijiji chetu kina kanisa moja na klabu mbili. Yetu iko upande wa duka la mkate, ya wale iko ng'ambo ya uwanja, hatua sitini. Jina la chama chao silitamki. Mama yangu hakulitamka mpaka anazikwa, nami sitaanza uzeeni. Malta nzima ndivyo ilivyo: unazaliwa wetu au unazaliwa wao, na mchumba wako akija kuchumbia, swali la kwanza si kazi yake.

Sasa mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Viti vyetu kule ni sita tu, katika bunge la watu zaidi ya mia saba. Ungedhani tungezungumza habari za Ulaya. Thubutu! Mabango, redio, televisheni ya chama chetu na televisheni ya chama chao, kote ni nani alidanganya kuhusu barabara ya mzunguko, mke wa nani kapewa kazi wizarani, nani atamgaragaza nani uchaguzi mkuu ujao. Nazju, katibu wa klabu yetu, alituambia wazi, "Ulaya ni fimbo tu ya kuwachapia wale." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga sufuria kwa mwiko.

Doreta waliingiza jina lake kujaza orodha. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mkaguzi wa samaki sokoni, binti wa mtaa wetu, mfupi, sauti ya kawaida tu. Kwetu mgombea hupita nyumba kwa nyumba, na huenda na mama mmoja wa kijiji anayeijua milango. Nazju akanipa mimi kazi hiyo, na daftari la klabu ambalo kila nyumba imewekewa alama: hii yetu, hii yao, hii inayumba. Kazi yangu ilikuwa kumwambia gonga hapa, ruka pale.

Siku ya kwanza tu tulifika mlango wa Wenzu, mvuvi, wa wale tangu kizazi cha nne.

"Huo ruka," nikamwambia.

Akagonga.

"Mwanangu, u kiziwi? Nimesema ruka!"

"Nimekusikia, shangazi. Ana boti ya mita saba. Namhitaji."

Wenzu akafungua, akatutazama sote wawili, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Loo! Mena mpishi mlangoni kwangu! Mmeishiwa na watu, eh? Kura sikupi, we binti, hata ukinipa boti mpya."

"Sijaja kuomba kura," Doreta akasema. "Nimekuja kuuliza. Mwaka jana samaki upanga ulivua miezi gani?"

Wenzu akaacha kucheka. Kule Brussels kulikuwa na pendekezo la kuzifungia boti ndogo miezi mitatu mizima zisivue samaki huyo, huku meli kubwa za mataifa mengine zikibaki na vibali vyao. Wavuvi wetu walilisikia juujuu, hakuna aliyewaeleza. Doreta alikuwa amelisoma lote, kurasa mia na kitu. Alikaa jikoni kwa Wenzu saa nzima, daftari la shule magotini, akiuliza na kuandika, akiuliza na kuandika. Mimi niliketi ukingoni mwa kiti, mkoba kifuani, kahawa ya mke wake sikuigusa. Lakini nilisikia. Na niseme ukweli, katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona mgombea anayemsikiliza mtu asiyempa kura. Nilijisikia fahari, na nilikasirika kwamba najisikia fahari.

Tukaenda hivyo wiki tano. Milango yetu, milango yao, yote. Viatu vyake vilitoboka akaenda vivyo hivyo. Akitukanwa, husema, "Haya, nimesikia, lakini wavu wako una matundu ya ukubwa gani?" Jamani, mtu wa namna hiyo unamfanyaje?

Kisha ukaja mdahalo wa televisheni. Klabu ilijaa, watu mpaka ngazini, nami nimeoka pastizi mia mbili, vile vikate vyetu vyenye jibini ndani. Wagombea wengine walichapana kama kawaida: wewe ulisema, baba yako alifanya. Tunapiga kelele, tunafurahi. Ndipo mgombea mmoja wa wale, mama mwalimu, akataja neno moja kuhusu samaki, kwamba pendekezo lile litawaua wavuvi wadogo na vyama vyote viwili vilinyamaza. Mtangazaji akamgeukia Doreta, akitarajia amrarue mama yule.

Doreta akasema, "Hapo mwenzangu amesema kweli."

Klabu nzima tukageukiana.

Akaendelea, "Tunakwenda kule sita. Tukienda watatu huku na watatu kule, tunatukaniana mambo ya barabara, nani atatusikia katika watu mia saba? Kwa jambo hili mimi nitasimama naye."

Pastizi ya kwanza ilitua kwenye kioo cha televisheni, zilizofuata sikuzihesabu. Mke wa mwokaji alilia machozi kabisa. Kukubaliana na wale, hadharani, kwenye televisheni! Kwetu mtu anasamehewa ulevi, anasamehewa kumkimbia mke. Hilo hapana.

Kesho yake Nazju akatukusanya jikoni kwangu, akafunga mlango. "Amri imetoka juu," akasema. "Kisanduku cha Doreta kiachwe kitupu."

Niwaeleze. Kwetu huweki alama ya vema. Unaandika namba: moja kwa unayempenda kuliko wote, mbili kwa anayefuata, hivyo hivyo mpaka uchoke. Mtu wako akianguka, kura yako haifi, inahamia kwa aliye na namba inayofuata. Ukikiacha kisanduku cha mtu kitupu, umemfungia mlango, kura yako haitamfikia kamwe.

"Lakini Nazju," nikasema, "si wetu huyu? Tukimnyima si tunajinyima?"

"Mena, wewe pika. Siasa tuachie wenyewe. Au na wewe umeanza kunywa kahawa za kina Wenzu?"

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Kahawa yao sikuigusa!" Kweli sikuigusa, lakini nilivyojitetea, ungedhani nimeiba.

Siku ya kupiga kura nilisimama nyuma ya pazia, kalamu mkononi. Nikampa wakili Bezzina namba moja, kipenzi cha Nazju. Nikaandika mbili, tatu, nne, nikawamaliza wetu wengine wote. Nikafika kwa Doreta. Nikamwona akilini na viatu vyake vilivyotoboka. Nikamsikia Nazju akicheka, "Mena kahawa." Mimi ni mama wa miaka sitini na tisa, nimesimama peke yangu, hakuna anayeniona, na bado niliogopa klabu. Nikakiacha kitupu, nikaikunja karatasi.

Nje Doreta alikuwa amesimama na wagombea wengine. Akanikumbatia. "Asante kwa wiki tano, shangazi. Bila wewe nisingeweza." Nikamwambia nina mboga motoni, nikaondoka haraka.

Ukumbi wa kuhesabia kura una ukuta wa plastiki angavu. Makarani wako ndani, mawakala wa vyama wako nje, pua zimegandamizwa kwenye plastiki, wanazisoma karatasi kabla karani hajazilaza. Chama kikiona kimeshinda, watu wake wanaupiga ukuta ule kwa viganja mpaka paa linanguruma. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya mkate, maana mawakala wetu hawataki kingine ila mkate wangu wa nyanya na mafuta ya zeituni. Siku ya pili, adhuhuri, viti vitano vilikuwa vimekwisha kupata wenyewe. Kilibaki kimoja. Waliokuwa bado wanakigombea ni wanne: wawili wetu, Bezzina na Doreta, na wawili wao, yule mama mwalimu na daktari mmoja.

Akaanguka Bezzina. Kura zake zikaanza kugawanywa, nami nikasogea mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye plastiki. Rundo la Doreta likapanda. Lakini pembeni kulikuwa na rundo jingine, nalo likapanda.

"Zile ni nini?" nikamuuliza wakala wetu, ingawa nilijua.

"Zimekufa hizo. Hazina pa kwenda. Hawakumwandika."

Zilikuwa mamia. Mahali fulani mle ndani palikuwa na karatasi yangu. Nikauweka mkate sakafuni.

Kisha akaanguka mama mwalimu wa wale. Nazju akavaa koti lake. "Basi, twendeni. Kura za wale zote kwa daktari. Hazijawahi kuja kwetu tangu enzi za babu zetu."

"Subiri," wakala wetu akasema.

Karatasi moja ikawekwa kwa Doreta. Tukadhani karani kakosea. Ikaja ya pili. Zikaja tano mfululizo. Mama yangu! Watu wa wale, waliompa mwalimu wao namba moja, walikuwa wamemrukia daktari wao wakampa Doreta namba mbili! Upande wetu na upande wao, viganja vilibaki hewani. Hakuna aliyejua kama apige ukuta au asipige, maana jambo lile lilikuwa halina jina. Mawakala wao waliwatazama wetu kama watu waliofumaniwa. Zilifika mia mbili na kumi na nne. Mimi nilikuwa naomba kwa sauti, Mama Maria, nyingine, nyingine.

Ziliisha. Wakahesabu upya mara mbili. Doreta alikosa kwa kura tisa.

Wale wakaupiga ukuta, kiti cha sita ni chao. Nazju akageuka, uso umemwiva. "Mnaona? Msaliti ametupotezea kiti!"

"Tisa, Nazju," nikasema. "Tisa! Jikoni kwangu siku ile tulikuwa wangapi?"

"Nyamaza, Mena."

"Tulikuwa ishirini na sita!"

Akafunga vifungo vya koti. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Asubuhi iliyofuata Nazju alibandua picha ya Doreta ukutani klabuni, akaikunja mara nne. Nikauliza mwenyewe yuko wapi, nikidhani atasema kwao, kitandani, analia. Mwokaji akacheka kwa dharau. "Yuko kwa wale, tangu saa moja. Si nilisema?"

Nikavua aproni. Nazju akauliza naenda wapi, nikamwachia mwiko. Nikavuka uwanja mchana kweupe, watu wote vibarazani wakinitazama, nikaingia katika klabu ambayo sijawahi kukanyaga tangu nizaliwe.

Ilikuwa imejaa wavuvi. Bado walikuwa na bendera za ushindi, lakini hawakuwa wanaimba. Doreta alikaa katikati, amevaa sweta lile lile la jana, makaratasi mezani. Siku ya mwisho ya kupeleka pingamizi la lile pendekezo ilikuwa Ijumaa, na alikuwa anamwandikia kila mwenye boti barua yake ya kwenda Brussels, boti kwa boti, kwa maneno ya mvuvi mwenyewe. Ameshindwa jana, na leo yuko kazini! Nani anamlipa? Hakuna.

Ritiena, mpishi wao, aliniona kwanza. Tumechukiana tangu shule ya msingi. "Mena! Masikini, klabu yenu imeungua?"

Watu wakacheka. Mimi nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Doreta, nilikiacha kitupu. Kisanduku chako. Niliambiwa nikakubali, na hata sikukuchukia. Niliogopa."

Kicheko kikakatika. Doreta aliiweka kalamu chini. Macho yakamjaa machozi, nami nikaona kwamba kushindwa hakukumliza, hili ndilo linalomliza.

"Nilijua ni wengi," akasema. "Sikujua na wewe umo."

Wenzu alisafisha koo, akatazama pembeni. Doreta akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akavuta kiti kilichokuwa karibu yake.

"Boti za upande wenu ni kumi na moja, shangazi," akasema. "Huku hawatakuja, na mimi hawatanifungulia tena. Wewe watakufungulia. Kaa, nikuonyeshe barua inavyoandikwa."

Nikakaa kati yake na Wenzu. Ritiena akaniletea kahawa, nikainywa, nikaandika barua ya kwanza huku nalia, na hakuna aliyenicheka.